Kidonda Kimepona, Sindano za Nini?

Ndugu msomaji, miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu, mbili zimetoka Gatumba. Waandishi wake hawajuani, na kila mmoja ameuliza la kwake. Lakini nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba jibu lao ni moja.

Barua ya kwanza ni ya mama mmoja, mke wa polisi. Mtoto wao wa miaka 9 aliumwa kisigino na mbwa ambaye mwenyewe hajulikani. Kidonda kilioshwa, mtoto akapelekwa kwa mganga, akadungwa sindano ya kwanza, na siku chache baadaye ya pili. Sasa kidonda kimefunga na mtoto anacheza mpira na wenzake. Nauli ya kumrudisha kwa mganga ni mzigo, na baba yake anaona afadhali fedha hizo zinunue unga. Mama anauliza: "Kidonda kimepona, sindano zilizobaki ni za nini?"

Barua ya pili ni ya askari mmoja. Kioo kilimkata karibu na kifundo cha mkono wa kuume, na daktari akamshona ngozi pamoja na neva iliyokuwa imekatika. Ngozi ilipona katika wiki tatu. Sasa ni mwezi wa pili, na kidole cha mwisho pamoja na jirani yake bado havina fahamu. Hata akivichoma kwa sindano hasikii kitu. Daktari alimwambia asubiri miezi. Wenzake wanamdhihaki kwamba anakwepa kazi, naye ameanza kuamini kwamba alidanganywa.

Yule mama nilimjibu siku ile ile, wala sikungoja gazeti: mtoto amalize sindano zote kwa tarehe alizoandikiwa. Lakini amri isiyo na sababu husahaulika upesi, hasa siku nauli ikikosekana. Kwa hiyo leo naandika sababu, na sababu hiyo imo ndani ya neva.

Uzi mmoja, mita moja

Neva, ambazo wengi wetu tunaziita mishipa ya fahamu, si mishipa ya damu. Ukiichunguza neva kwa darubini utaona kwamba ni fungu la nyuzi nyembamba mno, kama kamba iliyosokotwa kwa katani. Kila uzi ni mkono wa chembe hai moja, yaani seli moja, na mkono huo wataalamu wanauita aksoni. Seli inayoamuru kidole cha mguu wako kijikunje haikai mguuni. Inakaa ndani ya uti wa mgongo, na aksoni yake inatoka hapo, inapita nyongani, inashuka pajani na gotini mpaka wayoni. Kwa mtu mzima safari hiyo ni kama mita 1, na ni seli ile ile moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ili tupate picha, tuikuze. Seli hiyo, bila mkono wake, ina upana wa karibu milimita 0.05. Kama tungeikuza mpaka iwe sawa na pipa lenye upana wa mita 1, aksoni yake ingekuwa na urefu wa kilomita 20. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka katikati ya Bujumbura mpaka Gatumba. Sasa fikiri: maagizo makuu ya uhai wa seli yamewekwa katika kiini, na kiini kimo ndani ya pipa. Je, yule aliye kilomita 20 mbali anakula nini?

Kwamba anategemea makao makuu, jambo hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1850 daktari Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kwamba sehemu iliyotengwa na seli yake ilichakaa na kufa, na sehemu iliyobaki na seli yake ikaendelea kuishi. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1948, Paul Weiss na Helen Hiscoe walizibana neva za panya bila kuzikata. Upande wa juu wa mahali palipobanwa neva ilivimba, kama mfereji unavyofurika nyuma ya tuta. Walipoondoa kile kilichobana, vitu vilivyokuwa vimerundikana vikaanza kuteremka tena, kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Basi ikawa wazi kwamba aksoni si waya mkavu wa simu. Ndani yake mna safari.

Wachukuzi wa kwenda na wa kurudi

Ndani ya aksoni mmelazwa vijia vya protini, vyembamba kiasi kwamba vijia 40,000 vikipangwa ubavu kwa ubavu vinaenea milimita 1 tu. Juu ya vijia hivyo wanatembea wachukuzi, ambao nao ni protini. Mchukuzi wa kwenda nje, aitwaye kinesini, alitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz. Walitumia aksoni ya ngisi, mnyama wa baharini mwenye aksoni nene ajabu, ambayo huweza kufikia milimita 1 na kuonekana kwa macho matupu. Kinesini ana miguu miwili, na huitanguliza kwa zamu, mguu baada ya mguu, akiwa amebeba mzigo mgongoni. Mchukuzi wa kurudi nyumbani ni mwingine, jina lake dainini. Kila mmoja ana upande wake. Wa kwenda harudi na mzigo, na wa kurudi haendi nao.

Mizigo yenyewe ni ya namna nyingi. Kuna mitokondria, ambazo ni majiko ya nguvu ya seli. Hizo husafiri na kusimama, na kwa wakati wowote nyingi zaidi zimesimama kuliko zinazotembea, kwa sababu hutua pale penye kazi kubwa, kama vile mwisho wa aksoni unapogusa msuli. Zikichoka, hukusanywa zirudishwe na kuvunjwavunjwa, ili vilivyomo vitumike tena. Kuna vifuko vyenye dawa za kupeleka habari kwa msuli. Kuna pia vifuko vya kukusanya taka.

Mizigo ya haraka huenda kati ya milimita 200 na 400 kwa siku, yaani hufika wayoni kwa siku tatu hadi tano. Lakini zile protini zinazoijenga aksoni yenyewe huenda polepole mno, kwa milimita 1 kwa siku au pungufu. Kwa mwendo huo protini iliyotengenezwa mgongoni ingehitaji karibu miaka mitatu kufika kidoleni. Protini nyingi hazina umri huo, zingechakaa njiani. Hapo ndipo wataalamu walipokwama kwa muda mrefu.

Tanuri zilizo pembezoni

Protini hutengenezwa na vinu vidogo viitwavyo ribosomu, kwa kufuata nakala za maagizo zinazotoka katika kiini. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba ribosomu hukaa kwenye mwili wa seli tu, na kwamba aksoni iliyokomaa haina. Sababu ilikuwa kwamba hata kwa darubini kali hazikuonekana kwa urahisi. Edward Koenig alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba aksoni inaweza kutengeneza protini yenyewe, lakini wengi hawakusadiki. Leo jambo hilo limekubaliwa. Zimepatikana ndani ya aksoni nakala za maagizo za maelfu ya aina, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwa panya waliokomaa, walio hai, kwamba ribosomu katika aksoni za macho yao zinafanya kazi.

Anayetaka mkate wa asubuhi Gatumba hangoji uokwe Bujumbura. Unga unaletwa, na tanuri liko pale pale mtaani. Ndivyo aksoni inavyofanya. Nakala za maagizo hufungwa katika vifurushi, na zikiwa njiani hazisomwi, kama barua iliyotiwa lakiri. Zikifika panapohitajika, lakiri huvunjwa, ribosomu zikasoma, na protini ikatoka ikiwa mbichi. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba vifurushi hivyo hudandia vifuko vingine vinavyopita, mfano wa abiria anayeomba lifti. Mwaka ule ule ilionekana pia kwamba baadhi ya vifuko hivyo husimama karibu na mitokondria, na hapo hapo zikatengenezwa protini za kuzikarabati mitokondria hizo. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi, ambao miguu hufa ganzi na kutoka vidonda, kasoro imo katika protini inayoviongoza vifuko hivyo.

Wakazi wa Gatumba hawahitaji kufundishwa kwa nini mambo haya ni muhimu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulipofurika, maji yakaingia majumbani na maelfu ya watu wakahama, kila mtu alijua tofauti ya kuwa na chakula karibu na kukingoja kutoka mbali. Aksoni ndefu ndizo zinazoumia kwanza njia ikiharibika. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari huanza kufa ganzi vidole vya miguu kabla ya mikono.

Jibu la mama

Sasa tumrudie mtoto aliyeumwa na mbwa. Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kilichomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi hicho hakiendi ubongoni kwa njia ya damu. Kinaingia katika nyama iliyoumwa, na hapo kinaweza kukaa siku, wiki, hata miezi. Kisha kinapenya katika ncha ya aksoni mahali inapogusa msuli, na kikishaingia kinamdandia dainini, yule mchukuzi wa kurudi nyumbani. Mchukuzi huyo hana kosa. Yeye anafanya kazi yake ya kila siku, ya kubeba mizigo ya kurudi. Hawezi kumtambua magendo aliyejificha katika shehena.

Makadirio ya mwendo wa kirusi hicho ndani ya neva hufikia milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 9, kutoka kisigino mpaka mgongoni ni kama milimita 700. Basi kirusi kikishaingia njiani, hesabu yake ni ya wiki moja au mbili tu. Aliyeumwa usoni ana njia fupi zaidi, naye ni wa kuharakishwa kuliko wote. Kwa kawaida dalili huonekana miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa, ingawa huweza kuonekana baada ya wiki moja au hata mwaka. Na dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu asilimia 40 ni vya watoto walio chini ya miaka 15.

Mama mpendwa, ngozi ya kisigino imefunga, lakini ngozi ni mlango tu. Kirusi kinaweza kuwa bado kimelala katika nyama iliyo chini yake, kabla hakijapanda. Sindano zinaufundisha mwili kutengeneza askari wa kukiua kikiwa bado hapo, nje ya aksoni. Kikishaingia ndani ya aksoni, askari hao hawakifikii kwa urahisi. Sindano ya kwanza huanza mafunzo, na mwili huhitaji siku kadhaa kabla askari hawajatosha. Zile zinazofuata huwaongeza na kuwaimarisha. Kuacha katikati ni kupeleka zamu ya ulinzi kikosi ambacho hakijamaliza mafunzo. Na ikiwa tarehe imekwisha kupita, usiseme "basi tena". Nenda kesho, mganga atakuambia pa kuendelea.

Kwa baba yake nasema kwa heshima: unga utanunuliwa mwezi ujao.

Jibu la askari

Nawe ndugu askari, daktari hakukudanganya. Kioo kilipoikata neva, sehemu za aksoni zilizokuwa upande wa vidole zilitengwa na seli zao, nazo zikafa, kama Waller alivyoona kwa chura. Lakini seli zenyewe, zilizoko mgongoni na karibu na mgongo, zi hai. Tena zilipata habari ya ajali kwa namna ya ajabu. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza neva za panya waligundua kwamba pale pale penye jeraha ribosomu za aksoni hutengeneza protini maalumu, ambayo hushikamana na dainini, ikabeba habari kutoka kwenye jeraha mpaka kwenye kiini. Kiini kikaipokea, kikabadili maagizo yake, na kazi ya ujenzi ikaanza. Ni njia ile ile inayotumiwa na kirusi cha kichaa cha mbwa. Safari hii imebeba habari ya kweli.

Sasa ncha za aksoni zilizobaki zinachipua, zinafuata mifereji iliyoachwa na zile zilizokufa, na zinakwenda kwa karibu milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole, kadiria milimita 180. Hiyo ni miezi sita, ukiacha wiki za kwanza za maandalizi. Wewe uko mwezi wa pili. Daktari akigonga kwa kidole juu ya njia ya neva, huenda ukasikia mchomo kama wa sisimizi mahali ncha zilipofika, na mahali hapo husogea kila mwezi kuelekea vidoleni. Sitakuahidi kwamba fahamu zote zitarudi kama zamani. Si kila aksoni hupata mfereji wake. Lakini wakati wa kukata tamaa haujafika.

Katika miezi hii, vidole visivyosikia vinahitaji macho yako. Usishike sufuria ya moto wala sigara kwa mkono huo, kwa maana utaungua bila kujua. Vinyooshe na kuvikunja kila siku kama ulivyoelekezwa, ili viungo visikakamae kabla neva haijafika. Usikose siku ya kuonana na daktari. Na wenzako wanaosoma ukurasa huu wajue kwamba mkono uliokatika neva si uvivu.

Seli yenyewe ikifa

Askari wetu ana bahati moja: barabara yake ilikatika, lakini makao makuu yalisalimika. Uko ugonjwa ambao hufanya kinyume. Kirusi cha polio huingia kwa kinywa, na kikifika katika uti wa mgongo huziua seli zenyewe zinazoamuru misuli. Seli ikifa hakuna wa kuchipua aksoni mpya, na kwa hiyo mguu uliopooza kwa polio hausubiriwi kwa hesabu ya milimita. Tarehe 17 Machi 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, ya kwanza kugunduliwa nchini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kirusi kilipatikana kwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya afya ya Isale, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amechanjwa, na kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Kilikuwa cha namna inayozuka kutokana na kirusi dhaifu cha chanjo kikizunguka kwa muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Hapo dawa ni moja tu, nayo hutangulia ugonjwa: kila mtoto achanjwe.

Ya kukumbuka nyumbani

Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akirambwa kidondani na mbwa au mnyama mwingine anayeshukiwa, osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda usiopungua dakika 15. Usipake majivu, mafuta ya gari wala majani. Kisha nenda kwa mganga siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Mweleze lini mtu huyo alichanjwa pepopunda mara ya mwisho, maana sumu ya pepopunda nayo hupanda kwa njia ya aksoni. Mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka. Kisiwani Pemba, Tanzania, kichaa cha mbwa kilimalizwa mwaka 2014 kwa kuwachanja mbwa. Chanjo zilipolegea kikarudi mwaka 2016, na kwa kuchanja tena kikaondolewa mwaka 2018. Kama kisiwa kizima kimeweza, mtaa mmoja wa Gatumba hauwezi kushindwa.

Mama wa barua ya kwanza, mtoto akimaliza sindano niandikie tena, unipe habari zake. Nawe askari, niandikie mwezi wa sita, kwa mkono wako wa kuume.

Wasomaji wengine, tukutane juma lijalo.